Msiliogope Bati

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mjini Moshi, mbele ya watu wapatao thelathini waliokuja kujifunza kuchora mandhari ya kijijini kwa rangi za maji. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Jumamosi ni siku ya misiba, harusi na palizi, kwa hiyo najua kila aliyekaa hapa kuna mahali ameacha kwenda.

Nijieleze kwanza. Sikusomea sanaa. Nimekuwa muuguzi miaka 34, mingi yake katika wodi ya wazazi. Brashi niliishika nikiwa na miaka 52, mgongo uliponiuma mpaka nikaamriwa kukaa. Kukaa bure sikuzoea. Binti yangu akaniletea kisanduku cha rangi za maji za watoto wa shule, akaniambia, "Mama, chora hata hiyo migomba." Sasa huu ni mwaka wa 11. Naishi upande wa Machame, na karibu kila nilichochora kiko mahali ninapoweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Nimekuja na jambo moja tu. Ukitaka kuchora kijiji, chora kijiji kilichopo. Yote nitakayosema kuhusu karatasi, maji na rangi yanaelekea huko.

Mtu wa kwetu akiambiwa "chora kijiji", mkono wake unakimbilia wapi? Unakimbilia nyumba ya msonge yenye paa la nyasi, mbuyu, jua jekundu linazama, mama ana mtungi kichwani. Nimeona watu waliozaliwa na kukulia migombani, ambako mbuyu haupo, wanachora mbuyu. Nimeona mama anayechota maji kila siku kwa ndoo ya plastiki ya lita 20 anachora mtungi. Bati hakuna. Nguzo ya umeme hakuna. Bodaboda iliyoegeshwa chini ya mparachichi hakuna. Tumevifuta vyote, kana kwamba kijiji chenye bati si kijiji.

Na mimi nilifanya hivyo miaka mitatu. Nilichora nyumbani kwa mama yangu mara nne, na mara zote nne niliweka nyasi juu ya paa. Jamani, mimi nimelala utoto wangu wote nikisikiliza mvua ikipiga kwenye bati! Ile sauti ndiyo nyumbani kwetu. Nilipoitazama ile picha ya nne ukutani, niliona nimechora nyumba ya mtu nisiyemjua.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kulitazama bati vizuri, na hapo nikagundua kwamba kwa mtu wa rangi za maji hakuna kitu kizuri kijijini kama bati. Nitawaeleza kwa nini, lakini lazima kwanza tuzungumze hizi rangi zenyewe ni nini.

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini sana, ukashikanishwa kwa gundi. Gundi yenyewe ni utomvu wa mgunga, na sehemu kubwa ya utomvu unaouzwa duniani hutoka Sudan. Kila unapogusisha brashi iliyolowa kwenye kidonge cha rangi, unayeyusha utomvu wa mti wa nyika. Ukishapaka, maji yanakauka, gundi inaushika unga kwenye karatasi, basi. Tabaka linalobaki ni jembamba mno. Mwanga unapita ndani yake, unaigonga karatasi nyeupe iliyo chini, unarudi kwenye jicho lako ukiwa umebeba rangi.

Linganisheni na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Rangi ile hufunika. Ukitaka jicho jeupe la chui, unalipaka jeupe juu ya jeusi, nalo linakaa. Sisi hatuna uwezo huo. Weupe wetu ni karatasi yenyewe. Mahali unapotaka mwanga, usiguse. Ukishapafunika, hata ukisugua kwa brashi yenye maji safi, hapatarudi jinsi palivyokuwa.

Kwa hiyo mchoraji wa rangi za maji anaanza kazi kwa kuamua ni wapi hatapaka. Na sasa ninyi niambieni: saa mbili asubuhi, kijijini, ni kitu gani kinang'aa mpaka huwezi kukitazama? Paa. Upande wa bati unaotazama mashariki. Pale ndipo karatasi inapobaki karatasi.

Ngoja niwaonyeshe kwa hii picha ndogo. Wa nyuma sogeeni.

Paa hili lina pande mbili. Huu wa kushoto umepigwa na jua, na sikuupaka kitu kabisa. Mnachokiona ni karatasi. Huu wa kulia uko kivulini. Nimechukua altramarini, ile buluu ya kukolea, nikatia siena iliyochomwa kidogo, ambayo ni hudhurungi ya udongo. Zikikutana hizi mbili zinatoa kijivu kilicho hai, kinachoelekea buluu au kahawia kadiri unavyotaka. Nikaifanya nyepesi kama chai ya mgonjwa. Brashi bapa, mkono mmoja, kutoka kofia ya paa mpaka ukingoni, mara moja tu. Usirudi juu. Ukirudi, unaweka alama za brashi, na bati linageuka ukuta wa udongo.

Kisha subira. Rangi ikiwa bado inametameta kwa maji, nadondosha siena tupu mahali penye kutu. Hapa itazameni kutu inavyofanya kazi yake, maana haikai popote tu. Inaanzia kwenye misumari na pale bati moja linapolalia jingine, kisha inashuka kwa njia ya maji ya mvua. Ukidondosha siena kwenye tundu la msumari, maji ya karatasini yanaivuta kwenda chini yenyewe, kama mvua ilivyoivuta miaka ishirini. Mimi hapo sifanyi lolote, natazama tu. Katika kuchora kwangu kote hakuna dakika ninayoipenda kama hiyo.

Tatizo ni kujua karatasi imekauka au la. Ukitia rangi mapema, inasambaa paa zima. Ukichelewa, inaacha doa lenye ukingo mkali kama ramani. Jicho linadanganya. Tumieni mgongo wa vidole, vile tunavyopima joto la mtoto mwenye homa. Karatasi yenye maji ndani huwa ya baridi hata ikionekana kavu. Ikiacha ubaridi, imekauka. Nilijifunza hili bila kufundishwa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo miaka mingi.

Mwisho ni migongo ya bati. Mtu mgeni anataka kuichora yote. Paa la chumba kimoja lina migongo mingi. Ukiichora yote kwa mistari, umetengeneza chanuo. Chora mitano au sita, upande wa kivuli, kwa ncha ya brashi, tena mingine uiache ikatike katikati. Jicho la mtazamaji linajua bati lilivyo. Litamalizia lenyewe.

Sasa kijani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya picha zinazoharibika migombani zinaharibikia hapa.

Kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba kwetu Uchaggani, ni kijani juu ya kijani juu ya kijani. Ukinunua rangi ya kijani ya tyubu ukaipaka kama ilivyo, shamba lako litafanana na turubai la plastiki. Kijani changanya mwenyewe. Njano ya limau na buluu, na tone la siena la kuzima ukali. Lakini hata kuchanganya hakutakusaidia kama hujatazama. Jani changa la mgomba, likiwa kati yako na jua, karibu ni njano. Ni jeupe kuliko mbingu iliyo nyuma yake. Jani hilo hilo ukilitazama ukiwa umelipa jua mgongo, ni kijani cha kawaida tu. Mgomba mmoja una rangi mbili zisizofanana hata kidogo, na tofauti ni mahali ulipoweka kiti.

Jani la mbuni ni kitu kingine kabisa. Ni kijani kizito, na lina mng'ao kama limepakwa mafuta. Mng'ao ule si kijani. Ni mbingu. Uso wa jani unairudisha mbingu kama kioo, kwa hiyo mng'ao wa jani la kahawa unachorwa kwa buluu nyepesi mno, au unaachwa karatasi. Nilipaka majani ya kahawa miaka mingi kabla sijaliona hili, na mibuni nimeizoea tangu nilipokuwa natumwa kuchuma. Mgrevilia nao una jani la fedha upande wa chini. Upepo ukija mti mzima unabadilika rangi mbele ya macho yako, na inabidi uchague utauchora kabla ya upepo au baada yake.

Mwaka 1503 Albrecht Dürer wa Ujerumani alichora kwa rangi za maji kipande cha nyasi. Si bustani, si mfalme. Nyasi za kawaida, majani mapana ya magugu, mizizi na udongo, vimetazamwa kutoka chini, kama anavyoviona sungura. Picha hiyo ipo mpaka leo, jumba la Albertina, Vienna. Nawaambia hili ili mtu asije akaniambia kwao hakuna cha kuchora. Chini ya kila mbuni kuna kipande kama kile.

Kuhusu wakati. Jua letu la saa sita mchana liko utosini. Vivuli vinajificha chini ya vitu, na kila kitu kinaonekana bapa. Chora kuanzia saa moja mpaka saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Mlima nao asubuhi ndipo unapojitokeza, kabla mawingu hayajaufunika. Tena, mwezi wa saba kule juu kwetu karatasi inakaa mbichi nusu saa nzima kwa ubaridi na ukungu, wakati Same, tambarare, kiangazi, rangi inakauka kabla brashi haijafika mwisho wa mstari. Nilipochora Same mara ya kwanza niliharibu karatasi tatu. Dawa yake ni kulowesha kipande cha kanga, kukikamua, na kukilaza chini ya karatasi.

Nije kwa watu, maana kijiji ni watu.

Mwaka wa kwanza nilikaa kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, nachora maji yanavyopita kati ya mashamba mawili. Mzee mmoja akasimama nyuma yangu muda mrefu. Hatimaye akauliza, "Mama, unampimia nani?" Nikamjibu nachora tu. Hakuniamini, na sikumlaumu. Kwetu kihamba ni chembamba, ugomvi wa mipaka umegawa koo, na mtu anayekaa na karatasi huku akitazama shamba la mwenzake kwa saa mbili, ni nani atakayemdhania mema? Jioni ile balozi wa nyumba kumi alikuja nyumbani. Nikamkaribisha, nikamletea ile picha. Akaitazama kimya. Halafu akasema, "Mbona mfongo wetu umeukausha?"

Nilikuwa nimeyaacha maji yawe karatasi tupu, nikidhani nimechora mwanga. Balozi yule amesafisha mfongo ule tangu ujana wake, na alichokiona ni mfereji mkavu wenye mchanga mweupe. Alikuwa na haki. Maji yanahitaji kitu cheusi kando ya weupe: mstari wa kivuli cha ukingo, na mkwaruzo mmoja wa buluu unaofuata mwendo wa maji. Niliiongeza mikwaruzo miwili mbele yake. Akasema, "Eeh, sasa yanakwenda." Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha vizuri kuliko vile.

Tangu siku hiyo siketi mahali kabla sijapiga hodi. Nasalimia, naeleza, naomba. "Shikamoo baba, naomba nikae hapa nichore hiyo nyumba." Na nikimaliza namwonyesha mwenye nyumba kabla sijafunga mkoba. Mkifanya hivyo mtachora popote.

Najua wapo wanaosema mambo haya ni ya wazungu. Ni kweli rangi za maji zilipita huku mikononi mwa wasafiri. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwanajeshi Mskoti, aliondoka pwani yetu na John Hanning Speke kutafuta chimbuko la Nile. Njiani alichora kwa rangi za maji watu, mimea na makazi, na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Safari hiyo mguu wake ulipata ugonjwa mbaya, akabaki Karagwe kwa Mfalme Rumanika kwa miezi wakati mwenzake ametangulia. Mimi muuguzi ule mguu umenigusa sana. Naye alilazimishwa kukaa, kama mimi. Lakini Grant alikuwa mpita njia. Alichora alichoweza kukiona mtu anayeondoka kesho.

Mtu wa kwetu aliyechora kama mwenyeji alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kisha London, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Yeye alitumia rangi ya mafuta, si maji, lakini nendeni mkazitafute picha zake. Migomba, kazi za pamoja, mambo ya shambani. Ile ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ipo New York, kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa. Ntiro alichora Uchagga wa siku zake. Sisi tukinakili mapaa ya zamani leo hatumfuati Ntiro. Tukichora bati, bomba na ndoo ya plastiki, hapo ndipo tunamfuata.

Vifaa nitavipitia upesi. Hela yako nyingi iweke kwenye karatasi, si kwenye rangi. Nilianza na manila. Ikilowa inajikunja na kutoa nywele. Tafuta karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ukate kubwa moja vipande vinane. Rangi tano zinatosha: njano ya limau, nyekundu, altramarini, siena iliyochomwa, na ngeu, ile ile ya mafundi seremala. Nyeusi usinunue. Brashi mbili, moja bapa na moja ya duara yenye ncha.

Na mkishachora, kuweni macho na fremu. Nilimpelekea fundi mmoja mjini picha sita za mwaka mzima. Akazibandika kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao. Masika mawili baadaye zilikuwa na madoa ya njano, na mbili zilipata ukungu, hazibanduki. Niliumia, bado naumia. Picha ya rangi za maji haigandishwi. Inashikwa kwa juu tu, inawekewa kioo kisichoigusa, inatundikwa mbali na jua, kwa sababu baadhi ya rangi nyekundu, hasa alizarini, zinapauka zikipigwa na mwanga.

Nimalizie kwa Bibi, jirani yangu.

Ana miaka zaidi ya themanini. Mwezi wa saba mwaka jana nilimwomba nichore nyumba yake, akaniambia, "Hii ya mabati machakavu? Kachore ya mwanangu, ina bati la rangi." Nikambembeleza. Nikakaa asubuhi mbili chini ya mparachichi wake. Nilipomletea picha aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuligusa paa kwa ncha ya kidole, bati moja baada ya jingine.

"Haya mawili ni ya kwanza. Nilinunua kwa hela ya kahawa, babu yenu akiwa hai. Haya matatu alileta mwanangu alipoanza kazi Arusha. Hili jipya ni la baada ya ule upepo." Kidole kikasimama mahali nilipokuwa nimedondosha siena, chini ya msumari, ikateremka yenyewe. "Na hapa ndipo panapovuja. Juu ya kitanda changu hasa. Umejuaje?"

Sikuwa nimejua. Niliona kutu tu.

Akaniambia, "Mwanangu, niachie." Nikamwachia. Iko ukutani kwake, na masika haya nimekwenda mara mbili kuisogeza mbali na maji yanayodondoka.

Haya, ndoo ya maji iko pale mlangoni. Kila mmoja achukue kikombe na kipande cha karatasi, tutoke nje. Jua bado liko upande wetu wa yale mapaa ya ng'ambo ya barabara, lakini halitakaa sana.